Doa Lililosuguliwa Miaka Kumi na Moja

Saa mbili kasorobo asubuhi, geti la bustani bado limefungwa, na mama wa miaka arobaini na tisa yuko mita sita juu ya ardhi. Ndoo inaning'inia kwenye ndoano ya ngazi, brashi iko mkononi, naye analisemesha jiwe.

“Wewe jana nilikuacha msafi,” analiambia. “Leo hii umefanya nini?”

Jiwe halijibu, lakini njiwa wawili walio juu yake wanajua. Mama anachovya brashi, anazungusha mara tatu, analimwagia maji kwa kikombe cha plastiki, kisha anasubiri kidogo kuona maji yanavyokauka. Hapo ndipo anapoinamisha kichwa na kutazama chini.

“Mlinzi, shika kwa mikono miwili, mwanangu. Nina wajukuu.”

Mlinzi wa zamu ya asubuhi anaiweka simu mfukoni shingo upande na kuishika ngazi sawasawa. Si kazi yake, anasema, ila ameombwa asaidie, na tangu aombwe imepita miezi saba.

Hatua thelathini kutoka hapo, mbele ya ofisi ndogo ya bustani, mwanamke mwingine aliyevaa shati la bluu lililopigwa pasi anapanga mabenchi ya wanafunzi. Shingoni ana uzi mwekundu, na kwenye uzi kuna kioo kidogo cha kukuzia. Huyu ndiye aliyeishika ngazi hiyo kwa miaka tisa. Ni mdogo wake mama wa juu, tumbo moja.

Dada zake wengine hawako hapa, wala mama huyu hana shida nao. Shida yake iko kwenye uzi ule mwekundu.

“Kile kioo kinanikera,” anasema akiwa bado juu, na hakuna aliyemuuliza. “Wivu. Andika hivyo hivyo, mwandishi. Usije ukaandika ‘masikitiko’ ili nionekane mtu mzuri.”

Basi tumeandika hivyo hivyo.

Wafanyakazi wote wa bustani humwita Dada Mkubwa, na mdogo wake, mwenye miaka thelathini na sita, huitwa Dada Mdogo. Majina hayo walipewa siku ile Dada Mkubwa alipomleta mdogo wake ofisini, akamsimamisha mbele ya meza ya msimamizi na kusema, huyu ni mchapakazi, mkimkataa na mimi naondoka. Msimamizi hakumkataa.

Kazi yao ilikuwa moja: kuosha mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani. Mnara una pande nne. Kila upande una mistari kumi na mitatu ya mawe, na kila mstari una mawe manne. Ukipiga hesabu unapata mawe mia mbili na nane ya granaiti, yaliyokatwa na kung'arishwa, na Dada Mkubwa ameyapitishia mkono, yote yanayofikiwa na ngazi, kwa miaka kumi na saba. Ngazi hufika mstari wa tisa. Mistari minne ya juu huachiwa kampuni inayokuja na majukwaa yake mara moja kwa mwaka, na ambayo, kwa maoni yake, huosha kama inafukuzwa.

Mdogo wake hupatwa na kizunguzungu hata akisimama juu ya kiti. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza waligawana hivi: mkubwa juu, mdogo chini.

Mawe mia mbili na nane yanayofanana yana tabu yake. Ukishuka kwenda kunywa chai, ukirudi hujui uliishia wapi. Msimamizi aliyapa namba, lakini namba zilikuwa kwenye karatasi, na karatasi zililowa. Dada Mkubwa akaamua kuyapa mawe majina. Jiwe lenye punje nyingi nyeupe akaliita Mwenye Mvi. Lenye punje kubwa za rangi ya waridi zinazong'aa jua likipiga ni Bibi Harusi. Mawili yaliyokatwa kutoka bonge moja, hata michirizi yake inaendelea kutoka moja kwenda jingine, ni Pacha. Lile ambalo huchelewa kukauka kuliko mengine yote ni Mlafi.

“Nikishuka namwambia mwenzangu, nimeishia kwa Mlafi, naye anajua ngazi iwekwe wapi,” anaeleza. “Majina yote niliyatoa mimi. Yeye nilimfundisha, jiwe moja moja, miezi minne.”

Na upande wa mashariki, mstari wa tatu kutoka chini, usawa wa kifua, kuna jiwe liitwalo Doa.

Jina hilo halikuwa la utani. Katikati ya jiwe hilo pana alama nyeusi yenye ukubwa wa kiganja, imezungukwa na punje za waridi na nyeupe pande zote. Miaka kumi na moja iliyopita alikuja mkaguzi, akauzunguka mnara, akafurahi, akafika hapo akasimama. Akapitisha kidole juu ya weusi ule. Akakitazama kidole, kilikuwa safi. Hata hivyo aliandika. Baada ya wiki mbili Dada Mkubwa akapokea barua ya onyo: doa jeusi upande wa mashariki halijaondolewa, na ni aibu kwa mahali palipotukuka namna hii.

Barua hiyo anayo hadi leo, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Ni onyo pekee alilowahi kupata kazini, na kulikumbuka tu kunamfanya akunje midomo.

Tangu hapo kila Jumatatu ilikuwa siku ya Doa. Alianza na sabuni ya maji aliyopewa na ofisi. Ikashindwa. Akaja na ndimu, akaja na magadi, akaja na majivu aliyoyachekecha mwenyewe. Mwaka wa nne, na hili analisema kwa sauti ya chini kwa sababu ofisi haijui, akaja na lile jiwe la kusugulia visigino. Kila Jumatatu, dakika ishirini, akisugua. Doa likawa linang'aa, ila liko palepale.

“Nililichukia,” anasema. “Nilikuwa nikiota limetoka, naamka na furaha, kisha nakumbuka.”

Mwaka jana, mwanzoni mwa muhula, akaja mhadhiri wa jiolojia na wanafunzi wake ishirini na wawili. Ni mama mnene mwenye kofia pana na mabuti ya kamba, na sababu yake ya kuja mnarani ilikuwa rahisi. Machimbo yako mbali na nauli hakuna, na jiwe lililokatwa na kung'arishwa huonyesha tumbo lake vizuri kuliko mwamba uliofunikwa na kuvu. Akawaagiza wanafunzi watafute jiwe lenye punje kubwa kuliko yote.

Wanafunzi wakazunguka, wakabishana, wakarudi walikoanzia. Dada Mdogo alikuwa ameshika ngazi. Bila kugeuka akawaambia, nendeni kwa Bibi Harusi, upande wa kusini, mstari wa pili.

Mhadhiri akaenda, akainama na kioo chake, akarudi mbio. Akauliza lipi lina punje ndogo kuliko yote. Akajibiwa. Akauliza kama kuna mahali ambapo michirizi inaendelea kutoka jiwe moja hadi jingine. Akapelekwa kwa Pacha. Ndipo akauliza swali ambalo Dada Mkubwa, aliyekuwa mstari wa nane wakati huo, anaweza kulirudia kwa sauti ya mhadhiri mwenyewe.

“Akasema, ‘Binti, haya yote nani kakufundisha?’ Na mimi huku juu nikajipangusa mikono kabisa, maana nilijua sasa naitwa nishuke.”

Dada Mdogo akajibu: “Ni kazi tu.”

Dada Mkubwa anatua brashi kwenye ndoo anapofika hapo. “Ni kazi tu! Angenyoosha kidole tu kuonyesha juu. Hata asingesema. Nilikuwa mita sita juu ya kichwa chake.”

Tangu siku hiyo mhadhiri akawa anakuja kila mwezi, na kila akija alimtafuta yule wa chini. Mara ya tatu akamvisha kioo chenye uzi mwekundu. Shule nazo zikasikia. Ofisi ya bustani ilipoona madarasa yameongezeka kutoka mawili hadi kumi na sita kwa mwezi, ikatangaza nafasi mpya: Mwelezaji wa Mawe, mtu mmoja, mshahara mara moja na nusu ya ule wa msafishaji, viatu juu ya ofisi.

Waliomba wote wawili. Barua zao ziliandikwa kwenye meza moja ya jikoni, kwa kalamu moja waliyokuwa wakipokezana. Wanaishi ua mmoja, vyumba vimetenganishwa na ukuta ambao ukikohoa upande huu unaambiwa pole upande wa pili.

Siku ya usaili kamati ya watu watatu ikatembea na kila mwombaji kuuzunguka mnara. Dada Mkubwa alitangulia. Aliwaonyesha Mwenye Mvi, akawaonyesha Mlafi na kwa nini hachelewi kukauka bure, kwamba ana nyufa ndogo ambazo jicho halizioni lakini maji yanazijua. Mmoja wa kamati aliandika hadi akageuza ukurasa. Wakafika upande wa mashariki.

“Na hili jeusi ni nini?”

“Hilo ni doa,” akajibu bila kusita. Kisha, kwa kuwa alitaka kuonyesha bidii, akawaeleza jinsi anavyolisugua. Akataja ndimu, akataja magadi, akaahidi kwamba wakimpa sabuni yenye nguvu zaidi ataliondoa kabla ya mwaka kwisha.

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akakohoa.

Dada Mdogo alifuata. Alipoulizwa swali hilohilo alinyanyua kioo chake na kueleza kwamba lile si doa. Ni kipande cha jiwe lingine, la zamani kuliko granaiti yenyewe. Wakati granaiti ilipokuwa bado uji wa moto huko chini ya ardhi, kipande hicho kilimeguka kutoka ukutani kikatumbukia ndani, uji ukapoa kabla haujakiyeyusha, kikabaki humo hadi leo.

Nafasi akaipata yeye, na sahihi zikawekwa mchana huohuo.

Jioni, Dada Mkubwa alitoka chumbani mwake akasimama mlangoni kwa mdogo wake. Hakumpongeza. Aliuliza jambo moja tu: umelijua hilo lini?

“Wiki mbili,” mdogo akasema. “Mhadhiri aliniambia.”

Wiki mbili zina Jumatatu mbili. Dada Mkubwa alizihesabu palepale mlangoni, na anazihesabu tena mbele yangu kwa vidole. “Jumatatu ya kwanza nilisugua, yeye kanishikia ndoo. Jumatatu ya pili nilisugua, yeye kaniuliza nibadilishe maji? Anajua ni jiwe. Ananitazama nasugua jiwe. Halafu ananibadilishia maji.”

Hilo ndilo linalomkaba hadi leo. Mshahara, anasema, mtu anaweza kuuzoea. Shati la bluu nalo analizoea polepole, ingawa lingempendeza yeye zaidi maana ana mabega.

Dada Mdogo hakukataa kuzungumza. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi, akazungushia uzi wa kioo kidoleni, akasubiri darasa moja liondoke.

“Nilikosa, siwezi kulipamba,” alisema. “Dada anayajua mawe yote. Mimi nilikuwa na hilo moja tu ambalo yeye hana. Nikajua nikimwambia, nafasi ni yake. Nikanyamaza. Jumatatu ile ya pili nilitaka kusema, mdomo ukawa mzito, nikasema nibadilishe maji.”

Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia.

“Unajua kushika ngazi miaka tisa ni nini? Ni kutazama visigino. Yeye yuko kule juu anaongea na mawe, anacheka peke yake, mara aite, ‘Laiti ungeliona hili!’ Nami siwezi kupanda. Nikimuuliza ni nini, anasema utapanda siku moja utaona. Nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Yeye kaanza juzi tu.”

Sikumpelekea Dada Mkubwa maneno hayo. Gazeti hili atalisoma.

Yeye kwa upande wake hakukaa kulia. Jumamosi moja mhadhiri alipokuja, Dada Mkubwa alishuka kwenye ngazi, akamkatia njia mbele ya ofisi na kumwambia, mwalimu, mimi ndiye niliyeyapa mawe majina, naomba unieleze na mimi jinsi jiwe linavyozaliwa. Mhadhiri alivua kofia. Alikaa naye saa nzima kwenye ngazi za mnara, na wanafunzi wakasubiri.

Alichofundishwa anaweza kukieleza bila karatasi. Granaiti huanza kama miamba iliyoyeyuka, kilomita nyingi chini ya miguu yetu. Haifiki juu. Hukwama huko chini na kupoa taratibu mno, maelfu kwa maelfu ya miaka, na kwa sababu haina haraka, punje zake hupata muda wa kukua hadi zikaonekana kwa macho. Ule uji unaotoka nje kwa volkeno hupoa upesi, na punje zake hubaki ndogo, hazionekani.

Hakuamini kwa kuambiwa. Alirudi nyumbani akachemsha maji akayeyusha sukari mpaka yakagoma kupokea zaidi, akayagawa kwenye mitungi miwili ya jemu, akatumbukiza uzi kila mmoja. Mmoja akaukalisha ndani ya beseni la maji baridi. Wa pili akaufunga kwenye blanketi na kuuweka kabatini.

“Sukari ya wiki nzima,” analalamika mume wake, fundi baiskeli, mtu mwembamba mwenye mzaha. “Nikauliza chai yangu iko wapi, naambiwa sukari imelala, usiiamshe. Imefunikwa blanketi langu. Mimi nimefunikwa shuka.”

Baada ya siku nane walifungua. Wa beseni ulikuwa na vumbi tupu la sukari kwenye uzi. Wa kabatini ulikuwa na punje nene zenye pembe, moja ukubwa wa tembe ya dawa. Mume anakiri alishangaa, ingawa chai aliidai palepale.

“Nilioa msafishaji,” anasema. “Sasa naishi na mwalimu ambaye hana wanafunzi, isipokuwa mimi. Hatutembei hatua kumi bila kuokota kokoto.”

Kati ya yote aliyofundishwa, Dada Mkubwa analo moja alipendalo kuliko mengine. Katika jiwe kuna punje nyeusi zinazobanduka kama maganda, hizo ni ulanga. Kuna za waridi zenye uso bapa, hizo ni felspa. Na kuna za kijivu zinazofanana na kioo cha chupa, hizo ni kwazi. Hazikuganda pamoja. Zilizotangulia zilikua zikiwa na nafasi, kwa hiyo zina umbo lao. Kwazi ilichelewa kuliko zote, ikajaza pale palipobaki.

“Wa kwanza ndiye mwenye umbo,” anasema, na safari hii anatabasamu. “Kitinda mimba anajaza mapengo. Sikusema mimi, kasema mhadhiri.”

Mhadhiri alipoulizwa, alisema hakumbuki kutaja kitinda mimba.

Yote haya yasingemfanya aite mwandishi wa habari, lakini mwezi uliopita kulitokea jambo. Darasa la watoto wa miaka tisa lilikuwa limekaa upande wa mashariki, naye alikuwa upande wa kaskazini akiosha, kona moja tu kati yao. Dada Mdogo alikuwa akieleza Doa. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono akauliza: sasa wewe umejuaje kama si uchafu?

Dada Mkubwa anasema alisimamisha brashi kusikia mwenzake atakavyokwama, na alikuwa tayari kufurahi.

“Nimejua kwa sababu dada yangu amelisugua miaka kumi na moja,” Dada Mdogo akajibu. “Ndiye msafishaji bora hapa. Lingekuwa uchafu, lisingemaliza wiki mbele yake.”

Watoto wakacheka. Maneno Dada Mkubwa aliyasikia, ila kilichomkaa ni kicheko tu, na damu ikampanda. Siku nne hakuzungumza na mdogo wake, ukuta ulikohoa na hakuna aliyesema pole.

Siku ya tano mhadhiri alikuja, akamwita mbele ya Doa na kumpa kioo atazame. Akamwonyesha kwamba mawe mengine yote mnarani yamefifia kwa jua na vumbi, lakini hilo jeusi na mpaka wake na granaiti ni safi kabisa, unaona hadi mahali uji ulipoanza kukila kipande kile pembezoni. Alisema katika miaka ishirini ya kufundisha hajapata mahali panapoonyesha jambo hilo vizuri namna hii. Akauliza ni dawa gani imetumika.

“Nikamwambia sabuni ya ofisi,” anasema Dada Mkubwa. Jiwe la visigino hakulitaja.

Akaenda moja kwa moja ofisini na ile barua ya onyo kwenye mfuko wake wa nailoni, akataka ifutwe. Karani akamweleza kwamba barua ikishaingia kwenye faili haitoki. Wakabishana hadi mhadhiri akaomba karatasi, akaandika mistari minne na kuweka sahihi: alama iliyotajwa si uchafu, na mtumishi huyu hakuwahi kushindwa kuiondoa kwa kuwa haikuwa ya kuondolewa. Karatasi hiyo sasa imebanwa juu ya onyo. Alimwomba karani apige pini mbili.

Kwa hiyo wivu umekwisha? Anacheka hadi ndoo inatikisika.

“Umekwisha wapi. Nikiona kile kioo bado hapa panawaka,” anasema akijigusa chini ya koo. Lakini mara anashuka vipago viwili vya ngazi, anaangalia kama mdogo wake yuko mbali, na kupunguza sauti. Hili ndilo hasa aliloniitia.

Kwenye mstari wa nane kuna jiwe lenye alama nyeusi nyingine, ndogo kuliko Doa, na juu yake unapita mstari mweupe mwembamba kama kidole cha mtoto. Alilipa jina Mshono miaka mingi iliyopita na hakuwahi kulifikiria zaidi. Siku moja, akiliosha, akakumbuka jambo alilofundishwa na mhadhiri, kwamba kinachokata kimekuja baada ya kile kilichokatwa. Mstari ule mweupe umekata granaiti, ukakata na kipande cheusi, ukatokea upande wa pili. Akaishika ngazi kwa mkono mmoja ili asianguke.

“Cheusi kilikuwepo kwanza. Kikatumbukia kwenye uji. Uji ukaganda. Halafu jiwe zima likapasuka, kitu cheupe kikapenya kikajaza ufa. Habari yote, mwanzo hadi mwisho, kwa upana wa mkono wangu. Mhadhiri hajaliona, hafiki huko. Mdogo wangu hajaliona. Ni mimi na njiwa.”

Amelikalia wiki sita sasa. Anajua ni nani mwingine aliyewahi kukalia jambo la jiwe kwa wiki mbili, na hapendi kukumbushwa. Mumewe alimkumbusha mara moja akanyimwa chai yenye sukari.

Mpango wake ni huu. Ameandikia ofisi kuomba Jumamosi moja kila mwezi, kundi la watu kumi, darubini mbili za kuazima kutoka chuoni, na yeye juu ya ngazi akieleza kutoka huko huko. Barua ameipeleka Jumanne, kwa mkono wake. Jibu bado. Hadai shati la bluu, ingawa wakimpa hatalikataa, na ametaja saizi yake kwenye barua wasije wakapata tabu kuuliza.

Namuuliza kama anajua kwamba mdogo wake husoma gazeti hili kila siku, na kwamba kesho kutwa siri hii itakuwa mezani kwake pamoja na chai.

“Najua,” anasema. “Asome. Mimi kumwambia mdomoni siwezi, mdomo ni mzito. Nao ni wa kurithi, unaona.”

Anapanda tena vipago viwili, anachovya brashi. Kule mbele ya ofisi darasa la kwanza la siku limeanza kuingia, na sauti ya Dada Mdogo inasikika ikiwaambia watoto wavute mabenchi karibu. Dada Mkubwa anasikiliza kidogo, kisha anaegemea ngazi na kuninyooshea brashi inayochuruzika maji.

“Mstari wa nane umeandika? Sawa. Ila upande usiandike. Miaka tisa anauliza huku juu kuna nini. Akitaka kuuona Mshono apande mwenyewe, kipago kimoja kimoja, asitazame chini. Ngazi nitamshikia mimi.”